Chunjua zisizotaka kuondoka: kinga ya mwili na vidonge vya sokoni katika Masisi

Katika milima ya Masisi, chunjua si jambo geni kwa mwenye ng'ombe. Ndama wa mwaka mmoja au miwili huota vinundu vigumu vya kijivu shingoni, puani au pembeni ya macho. Vinakaa miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka mzima, kisha vinakauka na kuanguka vyenyewe bila dawa yoyote. Wafugaji wa Lushebere, karibu na Masisi-centre, hawahitaji kuelezwa hilo.

Lisilojulikana sana ni sababu ya vinundu hivyo kuanguka. Ni virusi vinavyoviotesha, na vinaanguka siku ambayo kinga ya ndama, yaani walinzi wa mwili wake, inavitambua virusi hivyo na kuanza kupigana navyo. Virusi vya ng'ombe havimwoteshi mtu chunjua. Wachinjaji na wauza nyama huota chunjua nyingi mikononi, na ni rahisi kumlaumu ng'ombe, lakini uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba virusi vyao ni vya binadamu, hasa aina inayopewa namba 7. Nyama mbichi, maji na visu vinalainisha na kuchubua ngozi, na virusi vinapata mlango.

Kwa binadamu mambo yanakwenda karibu vilevile. Chunjua, ambayo wengine huiita sunzua na hospitalini huitwa kwa Kifaransa verrue, huota zaidi kwa watoto. Karibu theluthi mbili ya chunjua za watoto huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili. Ndiyo maana kila kijiji kina dawa yake ya chunjua inayosifiwa: ukingoja vya kutosha, dawa yoyote itaonekana imefanya kazi.

Shida ni kwa mtu mzima ambaye chunjua zake haziondoki. Zinaongezeka mikononi, zinapanda usoni, zinarudi kila zinapochomwa. Hapo ndipo swali linapozuka: je, chunjua zinahusiana na magonjwa yale ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe? Jibu fupi ni kwamba chunjua si ugonjwa wa aina hiyo, na wala hazisababishwi moja kwa moja na ugonjwa huo. Lakini kuna njia inayounganisha mambo hayo mawili, na mara nyingi njia hiyo inapitia kwenye kidonge.

Virusi, si damu chafu

Mwaka 1907 daktari wa Italia, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akaipitisha katika kichujio chembamba ambacho bakteria hawawezi kupita, kisha akajidunga maji yaliyobaki. Baada ya miezi chunjua ziliota pale pale. Tangu hapo ilieleweka kwamba chanzo ni kitu kidogo kuliko bakteria. Leo virusi hivyo vinajulikana kama papiloma, na aina zake kwa binadamu zimepita 200. Baadhi zinapenda nyayo na vidole. Aina ya 6 na ya 11 zinaotesha chunjua za sehemu za siri. Aina ya 16 na ya 18 hazioteshi chunjua hata kidogo, lakini ndizo zinazoongoza kwa kusababisha kansa ya shingo ya kizazi.

Kwa hiyo chunjua si dalili ya damu chafu, wala ya uchawi. Ni maambukizo yanayopita kwa ngozi kugusana, kwa wembe unaotumiwa na watu wengi, na kwa sakafu yenye maji ambapo watu huoga bila viatu. Mahali kama Lushebere, ambapo mara kwa mara familia zinazokimbia vita zimepanga makao yao, nafasi za namna hiyo hazikosekani.

Virusi hivi vina ujanja wake. Vinaishi kwenye tabaka la juu la ngozi tu. Haviingii katika damu, haviui chembe kwa kelele, havileti homa. Walinzi wa mwili, ambao wengi hupita ndani ya damu, wanaweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba kuna mgeni juu ya paa. Wakishajua, chunjua zote zinaweza kutoweka kwa majuma machache, hata zile ambazo hazikuguswa na dawa.

Kuna watu ambao walinzi hao hawaamki kabisa. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Uswisi, Lewandowsky na Lutz, walieleza habari za mgonjwa aliyejaa chunjua tambarare mwili mzima tangu utotoni. Miongo kadhaa baadaye Stefania Jabłońska wa Warsaw na Gérard Orth wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo wana aina za virusi ambazo watu wengine hubeba bila kuona lolote, na kwamba kwao, hasa penye jua kali, chunjua zinaweza kugeuka kansa. Ni ugonjwa wa kurithi na ni nadra sana. Ila ulifundisha jambo kubwa: wingi wa chunjua unaeleza zaidi habari za kinga ya mwenyeji kuliko ukali wa virusi.

Ng'ombe nao walifundisha hivyo hivyo. Huko Scotland, William Jarrett wa Chuo Kikuu cha Glasgow aligundua katika miaka ya 1970 kwamba ng'ombe wa milimani waliokula sana mmea unaoitwa kwa Kifaransa fougère-aigle walikuwa na chunjua nyingi kooni na tumboni, na baadhi zilikuwa zimegeuka kansa. Mmea huo una sumu inayodhoofisha kinga na kuharibu chembe. Ng'ombe wa malisho mengine, wenye virusi vilevile, walipona bila tatizo. Mmea huo unaota pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati, na wafugaji wanafanya vema kuung'oa kwenye malisho.

Mlinzi anayempiga mwenye nyumba

Magonjwa ya kinga kujishambulia ni habari nyingine. Hapo kinga haikulala, bali imekosea adui. Katika lupasi inashambulia ngozi, viungo, figo na damu. Katika baridi yabisi inakula maungio ya vidole na magoti. Katika vitiligo inaua chembe zinazotoa rangi ya ngozi, na mabaka meupe yanatokea. Mara nyingi wagonjwa ni wanawake, na kwa lupasi wengi wao ni wa umri wa kuzaa.

Mtu angefikiri kwamba kinga yenye hasira namna hiyo ingeziondoa chunjua upesi. Sivyo inavyokuwa. Mlinzi anayempiga mwenye nyumba si lazima awe hodari wa kukamata mwizi. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta kwamba wanawake wenye lupasi wana virusi vya papiloma kwenye shingo ya kizazi mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine. Sehemu ya sababu ni ugonjwa wenyewe. Sehemu nyingine, na pengine ndiyo ya kuangaliwa zaidi, ni dawa.

Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa karibu kushindwa kutembea alidungwa dawa mpya, kotizoni. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Philip Hench na wenzake walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Kutokana na kotizoni zilikuja prednisolone na dexamethasone, vidonge vilivyofika hadi katika vituo vya afya vya vijijini. Vinatuliza kinga, maumivu yanashuka, uvimbe unapungua. Lakini vinaituliza kinga yote, pamoja na ile iliyokuwa inavizuia virusi vya chunjua na bakteria wa kifua kikuu. Dawa nyingine za magonjwa haya, kama azathioprine, nazo hufanya hivyo kwa njia yake.

Basi mgonjwa wa lupasi anayemeza prednisolone kwa miezi anaweza kuona chunjua mikononi ambazo hakuwa nazo. Si ugonjwa mpya, na si lazima ugonjwa wa zamani uwe umezidi. Ni taarifa kwamba walinzi wamepunguzwa. Katika mazingira ya Kivu, taarifa hiyo inamlazimu daktari kuuliza kwanza juu ya kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito, kwa sababu kifua kikuu ndicho kinachoua, si chunjua.

Si dawa zote za lupasi zilizo hivyo. Hydroxychloroquine ni ndugu wa chloroquine, kidonge kichungu cha malaria ambacho wazee wote wa Congo wanakikumbuka na ambacho kiliachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu malaria ilikizoea. Hiyo hutuliza lupasi bila kuishusha kinga kama prednisolone inavyofanya, na ni moja ya sababu madaktari wanapenda mgonjwa aendelee nayo hata wanapompunguzia vidonge vingine.

Lipo na kosa lingine ambalo halina uhusiano na vidonge. Kuna lupasi ya ngozi inayoota vinundu vikavu vyenye magamba mikononi na usoni, na kwa macho tu inafanana na chunjua. Kifua kikuu cha ngozi pia kinaweza kufanana nazo, hasa mkononi au mguuni, upande mmoja, kikitambaa polepole. Mtu akiichoma lupasi ya namna hiyo kwa asidi, jeraha linazidi. Akikifunika kifua kikuu kwa krimu ya kotizoni, kinatanda. Kinundu ambacho hakifanani na vingine, au kinachotoa damu na kukua upesi, kikatwe kipande na kupelekwa maabara. Kwa mtu wa Lushebere maana yake ni hospitali ya Masisi kwanza, na mara nyingi Goma, karibu kilomita 80.

Dexa bila daktari

Kama kotizoni ingetolewa hospitalini tu, mambo yangekuwa mepesi. Congo haiko hivyo. Dexamethasone, ambayo watu huiita dexa, inauzwa sokoni kwa kidonge kimoja kimoja, mara nyingi pamoja na cyproheptadine, kwa mtu anayetaka kunenepa, kupata hamu ya kula, au kuondoa maumivu ya mgongo baada ya kubeba mizigo. Anayenunua hajui kwamba anameza dawa ya ukoo uleule na ile ya lupasi. Uso unavimba na kuwa wa mviringo, mashavu yanajaa, majirani wanasifu afya. Ni maji, mafuta na sukari ya damu inayopanda.

Tena dexa ina nguvu kuliko ndugu yake. Miligramu 0.75 za dexamethasone ni sawa na miligramu 5 za prednisolone. Mwanamke anayemeza vidonge viwili au vitatu kwa siku ili anenepe anaweza kufikia kipimo ambacho daktari angekitoa kwa mgonjwa wa baridi yabisi, akimfuatilia presha na sukari.

Krimu za kujichubua ni mlango wa pili. Nyingi zina clobetasol au betamethasone, ambazo ni kotizoni kali za kupaka. Ngozi inakuwa nyeupe, lakini pia inakuwa nyembamba na walinzi wake wanalala. Chunjua tambarare za usoni, ambazo zingebaki tatu au nne, zinaweza kutapakaa kwenye shavu zima. Kisha mwenyewe anapaka krimu zaidi kuzificha.

Hapa kuna hatari kubwa kuliko chunjua zenyewe. Mtu akishasikia kwamba kidonge kinashusha kinga, jambo la kwanza atakalofanya ni kukitupa. Asifanye hivyo. Mwili unaopokea kotizoni kutoka nje kwa zaidi ya majuma matatu hivi unaacha kutengeneza ya kwake. Kidonge kikikatwa ghafula, mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaanguka, anaweza kuzimia na kufa, hasa kama siku hizo amepata malaria au ameumia. Kipimo kinashushwa kidogo kidogo, na anayeongoza ni daktari au muuguzi anayejua. Hilo linamhusu mwenye lupasi, na linamhusu vilevile aliyekuwa anajinenepesha.

Katika Masisi kuna wanaokatiwa kidonge bila kutaka. Februari 2024 mapigano ya kuzunguka Sake yalivuruga barabara ya Goma. Tarehe 4 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, na katika mwezi huo maelfu ya watu walijihifadhi katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Masisi na makao ya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, shirika linaloisaidia hospitali hiyo tangu 2007. Mwisho wa mwezi huohuo Goma nayo ilitekwa na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Katika siku kama hizo hospitali inashona majeraha ya risasi. Mwenye lupasi anayemaliza karatasi yake ya vidonge haonekani katika hesabu ya mtu yeyote, na yeye mwenyewe asipoeleza kwamba anameza prednisolone kila siku, anayempokea akiwa amezimia atamtafutia malaria tu.

Kipimo cha kwanza

Chunjua nyingi kwa mtu mzima zina maelezo mengine yanayokuja kabla ya lupasi, kwa sababu ni ya kawaida zaidi: virusi vya SIDA. Vinapopunguza walinzi, chunjua huota usoni, mdomoni na sehemu za siri, na huwa ngumu kuondoa. Kipimo ni cha haraka na dawa za kupunguza makali ni za bure nchini. Chunjua zikiongezeka mdomoni baada ya kuanza dawa hizo, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa, si sababu ya kuziacha.

Kwa mwanamke hesabu ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye virusi vya SIDA ana hatari ya kansa ya shingo ya kizazi mara sita kuliko asiye navyo. Uchunguzi wake unaweza kufanywa kwa siki na taa, hata penye maabara duni. Mwenye lupasi anayetumia dawa za kushusha kinga naye anastahili kuchunguzwa mapema na mara kwa mara, awe ana chunjua za nje au hana.

Tangu 2024, kila kinundu kwenye ngozi kimekuwa kikizua hofu ya mpox, ambayo aina yake mpya ilitokea Kamituga, Kivu Kusini, mwishoni mwa 2023 na kufika katika kambi za wakimbizi karibu na Goma. Kutofautisha si kugumu sana. Mpox inakuja kwa siku chache pamoja na homa, tezi zilizovimba na vidonda vyenye usaha vinavyouma. Chunjua inakua kwa majuma na miezi, ni kavu, ngumu, na mtu hana homa.

Kuhusu kuiondoa, asidi ya salicylic inayopakwa kila siku baada ya kulowesha na kusugua ngozi ndiyo dawa rahisi yenye ushahidi mzuri, na inachukua majuma hadi miezi mitatu. Wembe unazisambaza na kuleta damu za watu pamoja. Maji ya betri na utomvu wa miti mikali huacha makovu kuliko chunjua. Za sehemu za siri haziguswi na dawa ya mikono. Zinahitaji kituo cha afya, na podophyllin inayotumika huko haipewi mwenye mimba.

Kinga ya mapema ipo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya papiloma mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Chanjo hiyo haina virusi hai, kwa hiyo mwenye lupasi au virusi vya SIDA anaweza kuipata. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajakutana na virusi, na haiondoi chunjua iliyokwisha kuota.

Anayekwenda kituoni kwa sababu ya chunjua zisizoisha abebe kila anachokimeza na kukipaka: karatasi ya vidonge, chupa ya krimu, hata kile alichopewa na jirani ndani ya kipande cha gazeti. Wauguzi wengi huuliza kama mgonjwa anatumia dawa, na wengi hujibu hapana, kwa sababu kwao dexa ya kunenepa si dawa.